Plagi Niliyoifuta kwa Leso

Katika miaka ya sabini nilikuwa nauza karanga Malaba, upande wetu wa Kenya, na mume wangu alikuwa fundi wa magari ya petroli. Karanga nilizikaanga mwenyewe kwenye karai lenye mchanga, nikazifunga kwa vipande vya gazeti na kuwauzia madereva waliokuwa wakingoja kuvuka kwenda Uganda. Walikuwa wakingoja sana, na dereva anayengoja hutafuna chochote.

Karanga haina huruma. Ukiitoa mapema ni mbichi, inanata kwenye meno. Ukigeuka kidogo kumjibu mtu, imeungua, na uchungu wake hautoki tena. Kwa hiyo unakaanga huku unatoa moja moja, unaimenya kwa vidole, unatazama rangi ya ndani. Kazi yote iko kwenye hiyo rangi. Mimi shule niliiacha nikiwa bado naandika kwa kidole kwenye mchanga, lakini kwa rangi ya karanga hakuna aliyeweza kunidanganya.

Watu nitakaowasema hapa, majina yao ninayo. Ninayo ya baba zao na ya wake zao, na mmoja hata jina la mbwa wake ninalo. Sitayaandika. Ukiandika jina watu wanaacha habari yenyewe, wanaanza kuulizana, huyo si wa ukoo fulani, huyo si babake nanii? Na wajukuu wao wengine wako hapo hapo mpakani, wananisalimia vizuri.

Mafundi wa dizeli walikuwa wengi Malaba kwa sababu malori yalikuwa mengi. Mume wangu aliwaachia malori yao. Yeye alipenda petroli: pikapu, magari madogo, injini za kusaga unga, pampu za maji. Alinieleza tangu tukiwa wachanga katika ndoa kwamba injini ya petroli inakula vitu viwili, petroli na hewa, na kuna chombo kinachovichanganya, kabureta. Petroli ikizidi, gari linatoa moshi mweusi na kumaliza tangi njiani. Hewa ikizidi, injini inapata joto kali mpaka vyuma vya ndani vinaanza kuyeyuka. Fundi kazi yake ni kujua kipimo kiko wapi. Sasa utajuaje, na mambo yenyewe yanatokea ndani ya chuma kilichofungwa?

Yeye alipima kwa plagi, kile kidude kinachotoa cheche za kuwasha petroli. Ncha yake ndiyo pekee inayoingia ndani na kutoka kuja kueleza. Alikuwa akilipandisha gari mlima kwa nguvu zake zote, na likifika juu, likiwa bado linahema, anazima ufunguo hapo hapo, anakanyaga klachi, analiacha lijisukume lenyewe mpaka kando. Halafu anafungua boneti na kuitoa plagi ikiwa ya moto. Ikiwa nyeusi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe kama unga wa muhogo, hewa imezidi. Katikati ni rangi ya karanga iliyoiva.

"Gari likiwa limesimama linakudanganya," aliniambia. "Linanguruma vizuri, linakubembeleza. Wacha lipande."

Na alikuwa na desturi moja. Plagi ikipoa kidogo, baada ya kuitazama aliipitishia kidole gumba, taratibu, kama mtu anayepima makali ya kisu. Niliona akifanya hivyo miaka mingi, sikuuliza kwa nini.

Jioni moja alikuja na plagi mfukoni mwa shati, akanikuta jikoni.

"Mama watoto, wewe mwenye macho ya karanga, hii ni rangi gani?"

"Kwani macho yako umeyaacha gereji?"

"Nataka kuona kama unaiweza kazi yangu."

Nikaitazama. "Imeiva."

"Haya, umepita mtihani," akasema, akacheka, akairudisha mfukoni.

Nilidhani ni mchezo, maana alikuwa mtu wa mzaha. Lakini mchezo ukawa wa kila jioni. Kisha Jumapili moja tukiwa nje, jua likiwa kali kabisa, alinipa nyingine. Nikamwambia hii bado mbichi, ni nyeupe pe. Aliichukua, akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali, akaigeuza. Hakucheka.

"Mimi naona vumbi tu," akasema. "Zote ni vumbi."

Tulikwenda Nangina, kwa hospitali ya misheni, maana mimi kwetu ni upande wa Funyula na mama yangu alikuwa akiwasifu sana. Sista daktari alimwangaza macho kwa taa ndogo, jicho moja, jingine, akarudia tena. Alikuwa mpole. Alisema ugonjwa hauko mbele mahali ambapo unaweza kutolewa kwa kisu, uko nyuma, kwenye mshipa unaopeleka mwanga kichwani, na mshipa huo unakauka. Angempa dawa. Lakini kilichokwisha ondoka hakitarudi.

"Na rangi?" mume wangu akauliza.

"Rangi huondoka kwanza," Sista akasema.

Tulitembea mpaka soko la Funyula kungoja gari la kurudi. Tulipopita kwa wanawake waliopanga nyanya chini, alisimama.

"Hizo zimeiva?"

"Zimeiva."

"Zote?"

"Zote. Nyekundu."

"Sawa," akasema. "Nilidhani ni mawe ya kujengea."

Nilitaka kumshika mkono, lakini sokoni kwetu mke hamshiki mume mkono hivi hivi, na pengine angeudhika. Nikabaki nimebeba kikapu.

Basi tukapanga, wateja wasijue. Sikumbuki ni nani aliyeanza kusema, nafikiri hakuna aliyesema, tulijikuta tu tunafanya. Karibu na gereji palikuwa na kipando kirefu, mahali barabara inapopanda mlima, na juu yake ndipo alipokuwa akizimia magari ili atoe plagi. Mimi nikahamisha jiko langu kutoka kwenye foleni ya malori nikaliweka huko juu. Wenzangu wauza karanga walinishangaa.

"Huko juu utauzia nani, kunguru?"

"Kuna upepo mzuri," nikawaambia.

Gari likifika na kuzimwa, mume wangu aliitoa plagi kwa ile spana yake ya bomba, akaiinamisha, plagi ikadondoka kwenye ncha ya leso yangu. Ilikuwa ya moto, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu kwamba mke anaipokea kwa nguo. Mimi naitazama, naipangusa pangusa ili ionekane kwamba kazi niliyopewa ni kusafisha, kisha namrudishia. Na huku nikimrudishia nasema neno la jikoni. "Zimeiva." Au "Zimeungua." Au "Bado mbichi." Maneno yetu yalikuwa hayo tu, na kama kuna la kuongeza, aliuliza "sana?" nami nikajibu "sana" au "kidogo".

Wateja walichekelea sana.

"Fundi, hii ni gereji ama ni hoteli?"

"Huyu akikosa kusikia habari ya chakula mikono haifanyi kazi."

"Mama fundi, mpatie mzee karanga afunge boneti, sisi tuende!"

Mume wangu naye alikuwa akiwajibu, "Nyinyi mnakula petroli, wacheni mimi nile karanga." Wanacheka, anacheka. Mimi nilikuwa nageuza mchanga kwenye karai nikiona jasho linavyomtoka shingoni.

Vitu vingine bado aliviweza mwenyewe. Kujua kama injini inataka petroli zaidi wakati imesimama, aliziba mdomo wa kabureta kwa kiganja, kidogo tu. Ikichangamka, ilikuwa na kiu. Ikikaribia kuzima, ilikuwa imeshiba. Hiyo ni kazi ya mkono na sikio. Lakini kwa mlima hakukuwa na njia nyingine ila plagi, na kwa plagi hakukuwa na njia nyingine ila mimi.

Na kazi wakati huo ilikuwa nyingi kuliko tulivyowahi kuona. Ilikuwa ile miaka ya kahawa ya magendo kutoka ng'ambo, Uganda, kila mwenye pikapu yuko barabarani. Ningefurahi. Badala yake niliogopa kila gari lililopanda kile kipando. Nilikuwa najiuliza, leo akiniuliza kitu nisichokijua, nitamjibu nini? Mimi ni mtu wa karanga.

Kulikuwa na mteja mmoja, Mteso kwa kabila, mrefu, mdomo haufungi. Alikuwa ameuza ng'ombe wake ili apate pikapu, na hiyo pikapu ndiyo ilikuwa shamba lake na zizi lake. Alinunua samaki wakavu Busia akawapeleka Eldoret. Alipenda kunichokoza kwa sababu mimi ni Msamia.

"Mama, nyinyi Wasamia mkiona samaki hata kanisani mnasahau sala."

"Na nyinyi mkishika mrija wa pombe mnasahau njia ya kwenda nyumbani."

"Hiyo ni kweli," anasema. "Lakini gari yangu inaijua."

Siku hiyo alikuja mchana akiwa amekwisha pakia. Magunia ya samaki yamefungwa kwa kamba, harufu inatangulia.

"Fundi, gari imekuwa nzito. Inakunywa petroli kama imetumwa, na inatoa moshi."

"Moshi mwingi?" mume wangu akauliza.

"Kama wa kufukuza nyuki."

Mume wangu alitaka kuuliza jambo lingine, nikaona mdomo unafunguka, kisha ukafungwa. Fundi hawezi kumwuliza mwenye gari moshi ni wa rangi gani wakati moshi wenyewe uko mbele yao.

Walipanda. Nikaisikia pikapu ikilia tangu chini mpaka juu, ikazimwa, ikajisukuma hadi karibu na jiko langu. Boneti juu, spana ndani, plagi ikadondoka kwenye leso. Ilikuwa nyeusi kabisa. Niliipangusa kama kawaida yetu, nikaipangusa zaidi ya kawaida maana uchafu ulikuwa mwingi, nikamrudishia.

"Zimeungua."

"Sana?"

"Sana. Zimekuwa makaa."

"Mama," yule Mteso akasema, "kila siku unaunguza tu? Utamfukuzia mzee wateja."

Mume wangu akafungua kabureta, akatoa jeti, kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba ambamo petroli hupita. Alichukua waya wa umeme, akachambua unyuzi mmoja mwembamba kama unywele, akauchomeka kwenye tundu na kuukunja ncha. Tundu likapungua, petroli ikapungua. Hiyo aliifanya kwa vidole tu, macho ameyaelekeza barabarani, na ilikuwa kazi nzuri. Wakapanda tena. Plagi ikadondoka tena kwenye leso, na safari hii ncha yake ilikuwa ya hudhurungi.

"Zimeanza kuiva," nikasema, na nilifurahi kweli.

"Mimi nimeenda," Mteso akasema. "Karanga zikiiva niwekee zangu."

Akashika njia ya Bungoma, alasiri ikiwa imeingia.

Muda mfupi baadaye, wateja walipopungua, nilikwenda bombani kufua. Leso yangu ilishazoea masizi ya plagi. Masizi yanatoka, ni kama ya chini ya sufuria, unasugua kwa sabuni kidogo yanakwenda na maji. Siku hiyo doa halikutoka. Nikaongeza sabuni, nikasugua kwa jiwe, maji yakawa yanateleza juu ya doa, hayaingii. Nikarudi nayo ikiwa imelowa, nimekasirika.

"Ile plagi ya yule Mteso wako imeniharibia leso."

Mume wangu alikuwa anapanga spana zake kwenye gunia, kila moja mahali pake ili aijue kwa mkono.

"Imeharibu namna gani?"

"Si masizi. Ni mafuta. Hayatoki."

Mkono wake ukasimama. "Leta."

Nikampa. Akaitafuta ncha yenye doa kwa vidole, akaisugua kati ya kidole gumba na kingine, polepole, akaipeleka puani. Wakati huo ndipo nilipokumbuka ile desturi yake ya zamani, ya kuipitishia plagi kidole gumba.

"Ilikuwa inang'aa?" akauliza. "Kabla hujaipangusa. Ule weusi ulikuwa mkavu kama wa sufuria, ama ulikuwa unang'aa?"

"Ulikuwa unang'aa."

Akakaa chini, pale pale kwenye vumbi.

Alinieleza baadaye, lakini hata pale nilielewa ya kutosha kwa kumtazama. Weusi mkavu ni petroli iliyozidi. Weusi wa majimaji ni oili ya injini inayopanda kutoka chini kwa sababu ringi za pistoni, zile pete zinazoizuia isipande, zimekwisha. Gari la yule mtu halikuwa limezidiwa na petroli hata kidogo. Lilikuwa limechoka tu, linakula oili yake. Mume wangu sasa alikuwa amelinyima petroli, na mara ya pili plagi ilionekana njema kwa sababu mimi nilikuwa nimeisafisha vizuri, oili haikupata muda wa kupanda tena. Likienda tambarare litavumilia. Likipanda na mzigo, litajichoma.

"Basi ningekwambia," nikasema. "Ungeniuliza."

"Sikuwahi kujua kwamba inaulizwa," akasema. "Mimi nilikuwa naona tu, na mkono unagusa. Na wewe ulipangusa ili watu wasijue. Kosa si lako."

Nilifunga leso ikiwa bado imelowa nikakimbia mpaka penye malori. Nilimjua dereva mmoja aliyekuwa anawasha injini kuelekea Eldoret, mteja wangu wa karanga.

"Ukiona pikapu ya bluu yenye magunia ya samaki, mwambie asimame. Mwambie fundi amesema asipande."

Aliniangalia kwa huruma. "Mama, ameondoka saa ngapi?"

Nikamwambia.

"Na mimi na huu mzigo? Mimi nikimpata huyo, basi ujue amekwisha simama mwenyewe."

Simu ilikuwapo posta, lakini utampigia nani aliye barabarani? Nikarudi mikono mitupu. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye gurudumu kuukuu, uso ameugeuzia mashariki, upande ule barabara inakokwenda. Niliwasha jiko kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Nikamwaga karanga kwenye mchanga.

"Sasa yuko Bungoma," akasema. "Bungoma ni sawa, hakuna mlima."

Nikageuza karanga.

"Yule hupenda kusimama Bungoma kunywa chai. Akisimama, injini itapoa kidogo."

"Atasimama," nikasema.

"Leo amechelewa. Hatasimama."

Tulikaa hivyo. Mtu mmoja akaja kununua, nikampa, akaondoka, sijui hata nilimpa nini. Kila baada ya muda mume wangu alisema mahali. Daraja fulani. Kona fulani yenye duka la mbolea. Njia yote alikuwa nayo kichwani, hakuhitaji macho kwa hilo, na nafikiri ingekuwa afadhali asiwe nayo.

"Webuye," akasema.

Jua lilikuwa limeanza kulala.

"Sasa ameanza kupanda."

Nilitazama karanga zangu zikawa nyeusi mbele ya macho yangu na sikuzitoa.

Pikapu ilirudi siku kadhaa baadaye, imevutwa kwa mnyororo nyuma ya lori. Mwenyewe alikuwa kwenye usukani, akaiacha ijisukume mpaka pale pale juu ya kipando, akashuka. Samaki wake wote aliwaacha njiani kwa watu waliomwonea huruma na wengine ambao hawakumwonea.

"Fundi," akasema, "gari yangu imekunywa chai ya moto."

Hakuna aliyecheka. Watu walianza kusogea, mafundi wa dizeli na mikono yao ya oili, madereva, wauza karanga wenzangu. Mume wangu alichukua spana ya bomba. Alizitoa plagi moja moja kama desturi, na moja akainamisha ikadondoka kwenye leso yangu. Ilikuwa baridi sasa. Hakukuwa na sababu yoyote ya mimi kuishika, lakini hatukukumbuka hilo, mikono ilifanya yenyewe.

Sikuipangusa. Niliitazama, na yeye alikuwa amenyoosha mkono, akingoja, na watu wote walikuwa wanatutazama. Karanga haina neno la kitu kile. Nikasema kwa sauti, vile ilivyokuwa.

"Ni nyeupe. Nyeupe ya chokaa. Na ina chembe chembe juu yake, ndogo, zinang'aa, kama chumvi."

"Ni pistoni," mume wangu akasema. "Imeyeyuka." Akaipokea plagi, akaipitishia kidole gumba, taratibu. "Ndiyo. Iko hapa."

Yule Mteso alimtazama, akanitazama mimi, akaitazama leso.

"Fundi. Wewe huoni?"

"Naona watu. Naona gari. Rangi sioni."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya kahawa."

"Kwa hivyo hizo karanga zote…" Akaanza kama anataka kucheka, ikashindikana. Aliketi kwenye ngazi ya pikapu yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa mikono. Nilisimama mahali ambapo, kama angenyanyua mkono, ungenipata mimi kwanza. Hakunyanyua.

"Ungeniuliza," akasema mwishoni. Sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa yake. "Mimi ningekwambia moshi ulikuwa wa bluu. Nilikuwa naufuata na macho kwa kioo, njia yote. Bluu. Ungeniuliza tu."

Maana moshi mweusi ni wa petroli, na wa bluu ni wa oili. Jambo hilo mume wangu alilijua kuliko mtu yeyote aliyesimama pale, na aliyeuona ule moshi hakujua kama una maana. Mimi niliona kung'aa, sikujua kama kuna maana. Vitu vyote vilikuwapo, vimegawanywa kwa watu watatu, na tulikuwa tumesimama karibu hivi kwamba ungeweza kutufunika kwa leso moja.

Waliifungua injini siku iliyofuata. Pistoni ilikuwa na tundu la kupitisha kidole, na mume wangu alikipitisha. Yeye ndiye aliyeirudisha ile injini nzima, kwa mikono, mafundi wawili wa dizeli wakimtajia walichokiona, na Mteso akakaa hapo siku zote hizo akinywa chai yangu bila kunichokoza. Siku gari lilipowaka alimshika mume wangu mkono muda mrefu. Kisha akapeleka pikapu yake kwa fundi mwingine, karibu na reli, na akawa anapeleka huko siku zote. Nani atamlaumu? Mtu hana ng'ombe wengine wa kuuza.

Na wengine pia. Hakuna aliyetusema vibaya. Ningependa wangetusema. Walikuwa wanapita tu na kupunga mkono, wanaenda karibu na reli. Waliotujia walikuwa wa pampu za maji na vinu vya kusaga, vitu visivyopanda mlima, ambavyo aliweza kuvisikiliza na kuviziba kwa kiganja. Halafu nao wakapungua. Dawa ya Sista ilipoisha tulirudi Nangina tukapewa nyingine, na giza likaendelea kusogea kwa mwendo wake, halikuwa na haraka na halikusimama.

Jiko langu sikulirudisha kwenye foleni. Tulibaki juu ya kipando, mimi na karai, yeye na gurudumu lake kuukuu. Ile leso niliendelea kuivaa, doa na vyote.

Ninachokumbuka zaidi ni asubuhi moja, miaka hiyo hiyo ikiisha, wakati alikuwa amebakiwa na mwanga kidogo tu. Gari dogo lilianza kupanda kutoka chini. Mimi sikulisikia, nilikuwa namenya karanga. Yeye aliinua kichwa.

"Hewa imezidi," akasema. "Sikiliza. Linakohoa likikazwa. Limebeba watu?"

Nikatazama. "Limejaa. Kuna na watoto."

"Linaenda mbali?"

"Lina mizigo juu."

Akasimama, akatafuta ukingo wa barabara kwa mguu, akainua mkono juu kabisa, akasimama hivyo. Nami niliacha karai nikainua mkono wangu, nikaupunga kwa nguvu. Gari likafika juu. Dereva alikuwa kijana, mgeni, hatujui wala hatumjui. Alituona, mzee na mama kando ya njia na mikono juu. Akatabasamu, akatupigia honi kutusalimia, na akapita.